Mwongozo kamili: kuchora msafara wa Sultani kwenda sala ya Idi kwa mtindo wa Istanbul

Wengi wanaojaribu kuchora msafara wa Sultani wa Milki ya Osmani akielekea msikitini hukwama palepale. Wanaanza na uso wa Sultani, wanaumalizia muda wao wote, kisha wanaongeza watu nyuma yake mmoja mmoja mpaka karatasi inajaa umati usio na mpango. Farasi wanaonekana wamegandishwa. Dhahabu inafubaa. Na mtu anayezijua zama hizo akitupa jicho mara moja anaona askari waliovaa tarbushi miaka mia kabla tarbushi haijafika jeshini.

Msafara huu ni vyeo vinavyotembea, na cheo cha mtu wa Istanbul kilisomwa kichwani mwake. Kwa hiyo hapa tutaanza na vilemba na kumalizia na nyuso. Ukigeuza mpangilio huo utarudi kulekule kwenye makosa.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300, yenye uso laini, ukubwa wa A3. Yenye uso wa mikwaruzo haifai, kwa sababu mstari mwembamba utakatikakatika.
- Rangi ya gwashi, yaani rangi ya maji isiyopitisha mwanga: nyeupe, nyekundu, bluu iliyokolea, kijani, manjano, kahawia na nyeusi. Zambarau utaichanganya mwenyewe.
- Dhahabu ya maji ya kuchorea. Ukipata iliyosagwa kutokana na dhahabu halisi, kidogo sana kinatosha.
- Burashi tatu: namba 4, namba 0 na namba 000. Hii ya mwisho usiitumie kwa kazi nyingine yoyote.
- Karatasi angavu ya kunakilia, sindano ya kushonea, msasa laini, mkaa uliosagwa na kipande cha bafta.
- Mayai matatu na kipande kidogo cha shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi.
- Jiwe la akiki lililong'arishwa. Ukilikosa, mgongo wa kijiko laini cha chuma utasaidia kwenye karatasi, ila kwenye dhahabu hautoi mng'ao uleule.
- Wino mweusi wa masizi, penseli ngumu, rula.

## Kabla ya penseli: chagua mwaka

Hili ndilo linaloharibu picha nyingi. Watu hukusanya picha za mtandaoni za zama tofauti na kuzichanganya. Askari wa Yenicheri, kikosi mashuhuri cha miguu cha Sultani, walivunjwa mwaka 1826. Tarbushi iliwekwa kisheria kuwa vazi la maofisa mwaka 1829. Ukimchora Myenicheri akitembea bega kwa bega na ofisa mwenye tarbushi, umewakutanisha watu ambao utaratibu wa nchi haukuwahi kuwaweka pamoja. Nadhani kwetu kosa hili linatoka kwenye picha za zamani za askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki, ambao walivaa tarbushi kweli, jicho limeizoea.

Sisi tutachora mwaka 1729, asubuhi ya Idi. Sultan Ahmed III anatoka kasri la Topkapı kwa lango la Bab-ı Hümayun kwenda msikiti wa Ayasofya, ambao uko hatua chache tu kutoka langoni.

Nimechagua Idi kwa sababu msafara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Ijumaa, na wakuu wa dola walikuwamo. Nimechagua mwaka huo kwa sababu mbili. Kwanza, jengo la maji ya sabili la Ahmed III, lenye upenu mpana na makuba madogo matano, lilijengwa mbele ya lango hilo mwaka 1728. Linatupa alama nzuri ya mahali. Pili, wachoraji wawili waliokuwa hai Istanbul wakati huo wametuachia vielelezo. Levni, aliyefariki 1732, alichora picha 137 za kitabu cha Surname-i Vehbi kuhusu sherehe za mwaka 1720. Kwake tutajifunza kupanga watu. Jean-Baptiste Vanmour, aliyeishi Istanbul tangu 1699 mpaka kifo chake 1737, alichora mavazi kwa undani wa Kizungu. Kwake tutaangalia kitambaa na mikunjo. Picha zake nyingi ziko kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, na zinapakuliwa bure.

Usinakili mtindo wa Vanmour. Yeye anatia vivuli na umbali, sisi hatutatia.

## Hatua ya 1: Chora vilemba peke yake

Chukua karatasi ya kawaida. Usichore mtu hata mmoja. Chora vichwa tu, safu moja, mpaka kila cheo kitambulike bila uso.

Sultani. Kilemba cheupe kilichofungwa kwa nadhifu, na juu yake sorguchi, yaani manyoya yaliyosimikwa katika pambo la johari. Hakuna mwingine kwenye picha atakayevaa hilo pambo.

Waziri Mkuu. Kilemba kinachoitwa kallavi: kirefu, cheupe, pande zake zikisimama kama za piramidi, na mkanda wa dhahabu ukikatiza kwa mshazari. Mwaka 1729 ni Damat İbrahim Pasha. Mkanda ukiusahau, hakuna atakayemtambua.

Sheikhulislamu na maulamaa. Kilemba cheupe kikubwa cha mviringo, kinachokaribia kuwa kipana kama mabega. Wanaoanza hukifanya kidogo kwa kuogopa kuzidisha. Zidisha.

Machaushi, waongozaji wa msafara. Kilemba kirefu cha umbo la mcheduara, na mkononi fimbo yenye kichwa cha fedha.

Wasolaki, walinzi wa Sultani wanaobeba pinde. Kofia yenye shada kubwa la manyoya lililofunguka. Manyoya haya yalikuwa mapana kiasi cha kumziba Sultani asionekane vizuri na watazamaji.

Wapeiki, matarishi wa Sultani. Kofia ya madini iliyopakwa dhahabu, na mkononi shoka la sherehe.

Mkuu wa Harem, yaani sehemu ya kasri ya wanawake. Kilemba kirefu cheupe kinachochongoka. Wakati huo ni Hacı Beşir Ağa, Muhabeshi aliyeshika cheo hicho tangu 1717 hadi alipofariki 1746, na mmoja wa watu wenye nguvu kubwa kabisa Istanbul. Levni amemchora. Mpe nafasi yake kamili kwenye picha. Wachoraji wengi wa siku hizi humfuta au humfanya kivuli cha nyuma, na hilo ni kosa la historia na la heshima.

Umefanikiwa kama: ukimwonyesha karatasi mtu asiyejua lolote, anaweza kutenganisha vichwa katika makundi saba. Akichanganya viwili, rudia hivyo viwili.

## Hatua ya 2: Tayarisha karatasi

Tenganisha ute mweupe wa mayai matatu. Tia kipande cha shabu chenye ukubwa wa punje ya njegere, piga mpaka ulegee kabisa na uwe majimaji, acha utulie, kisha chuja kwa bafta. Paka karatasi kwa burashi pana, tabaka moja jembamba, upande mmoja na baadaye upande wa pili ili isijikunje. Ikauke kivulini.

Ikishakauka kabisa, isugue kwa akiki kwa mistari ya kwenda na kurudi mpaka uso uteleze.

Sababu ni hii: tabaka la yai linazuia rangi kuzama ndani ya karatasi. Mstari unabaki mkali, na ukikosea unaweza kufuta kwa pamba yenye unyevunyevu bila kuacha doa. Bila tabaka hili kila kosa ni la kudumu, na kwenye picha ya watu 29 makosa hayakosekani.

Tahadhari: usiisugue ikiwa bado na unyevu, itachanika ngozi ya juu. Na uihifadhi mbali na mende, wanapenda yai.

## Hatua ya 3: Weka njia ya msafara

Simamisha karatasi wima. Kwa penseli nyepesi chora njia yenye umbo la herufi S, ikianzia chini kulia na kuishia juu kushoto. Chini kulia weka Bab-ı Hümayun na jengo la sabili karibu yake. Juu kushoto weka Ayasofya.

Njia inakupa mistari mitatu ya watu.

Mstari wa chini, wanaoelekea kushoto, ni mkia wa msafara unaotoka langoni: mshika upanga wa Sultani akiwa juu ya farasi, Mkuu wa Harem juu ya farasi, na watu wanne kwa miguu, wawili kati yao wakibeba vilemba vya akiba vya Sultani vilivyofunikwa kwa nguo.

Mstari wa kati, wanaoelekea kulia, ni Sultani juu ya farasi, Wasolaki wanane, Wapeiki wanne, na mbele yao farasi wawili wasiopandwa, waliotandikwa kwa johari, kila mmoja na mtu wa kumwongoza.

Mstari wa juu, unaogeuka tena kushoto kuelekea msikitini: Sheikhulislamu na Waziri Mkuu juu ya farasi, maulamaa wawili, na machaushi wanne mbele kabisa.

Ukiacha walinzi na matarishi wanaomzunguka, unaona cheo kinavyopanda kadiri mtu anavyomkaribia Sultani. Mkubwa hatangulii, wadogo ndio wanaofungua njia. Anayemweka Sultani mbele ya msafara hajauelewa msafara.

Sasa kanuni inayowasumbua waliosoma sanaa shuleni: watu wa juu wasipungue ukubwa. Kwenye mtindo huu aliye juu ya karatasi yuko mbali zaidi, lakini ana kimo kilekile. Ukimpunguza Waziri Mkuu kwa sababu ya umbali, umempunguzia cheo. Sultani peke yake unaweza kumwongeza kidogo, kiasi cha nusu kichwa.

Kuhusu Ayasofya, usinakili picha za leo. Mistari ya rangi iliyotiwa nje ya kuta na ndugu wasanifu majengo Fossati ni ya ukarabati wa 1847 hadi 1849, kwa hiyo mwaka 1729 haikuwapo. Chora kuta za rangi hafifu ya udongo mweupe. Minara ni minne: mitatu ya mawe meupe na mmoja wa matofali mekundu. Minara sita ni ya msikiti wa Sultan Ahmed, ulio upande wa pili.

Umefanikiwa kama: ukifunika majengo kwa mkono, jicho bado linajua msafara unaanzia wapi na unakwenda wapi.

## Hatua ya 4: Tengeneza vigezo vya vitobo

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, na ndipo wengi hupita haraka. Wachoraji wa zamani hawakubuni upya kila askari. Walikuwa na vigezo.

Kwenye karatasi angavu chora kwa uangalifu mkubwa maumbo matano tu: farasi anayetembea, mpanda farasi, mtu wa miguu mwenye joho refu, Msolaki, na mtu anayeongoza farasi. Tumia muda hapa. Kila dakika utakayoiongeza kwa maumbo haya matano inawafaidi watu 29.

Farasi ndiye anayeshinda watu. Farasi anayetembea polepole hunyanyua kwato moja huku nyingine tatu zikigusa ardhi, au mbili kwa muda mfupi. Chora mguu mmoja wa mbele ukiwa umekunjwa na kunyanyuliwa. Wa nyuma wa upande wa pili uwe umeanza kusukuma, ncha ya kwato ikigusa chini. Shingo iwe imepinda na kidevu kimevutwa na hatamu. Ukinyanyua miguu miwili ya mbele pamoja, umechora vita, na huu ni msafara wa ibada.

Sasa toboa mistari yote kwa sindano, vitobo vikaribiane kama milimita mbili. Geuza karatasi, pitisha msasa kidogo mgongoni ili kufungua vitobo. Funga mkaa uliosagwa ndani ya bafta. Weka kigezo juu ya karatasi yako, gongagonga kwa kifuko cha mkaa, inua. Utaona nukta. Ziunganishe mara moja kwa penseli ngumu au wino mwekundu uliozimuliwa sana, kwa maana kwenye uso laini vumbi hupeperuka hata kwa pumzi.

Kwa mstari wa kati unaoelekea kulia, pindua tu kigezo. Lakini kumbuka: usitoboe upanga wala podo kwenye kigezo. Ukikipindua, upanga utahamia ubavu usio wake. Silaha zichorwe kwa mkono baada ya umbo kuhamishwa.

Wasolaki wanane wakifanana kabisa watachosha jicho. Wapishanishe ili kila mmoja amzibe mwenzake robo, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa kila mmoja: kichwa kilichogeuka, mkono uliofungwa, upinde ulioinama. Zaidi ya kimoja, nidhamu ya kikosi inapotea.

Anza kuhamisha kutoka mbele kwenda nyuma, yaani aliye mbele kwanza, halafu anayezibwa. Ukianza na wa nyuma utakuwa unafuta mistari usiku kucha.

Umefanikiwa kama: karatasi yote ina watu wote, hakuna uso hata mmoja, na tayari unasikia mwendo.

## Hatua ya 5: Dhahabu kabla ya rangi

Paka dhahabu yote sasa: mbingu nyuma ya makuba, mkanda wa kallavi, kofia za Wapeiki, matandiko, vikuku vya farasi, nakshi za kola. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito.

Ikikauka, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa akiki kwa mikono miepesi. Kisha ondoa karatasi na usugue moja kwa moja. Dhahabu ya kweli itang'aa ghafla chini ya jiwe. Dhahabu za bei nafuu za unga wa mika hazibadiliki kwa kusuguliwa. Ziache kama zilivyo.

Dhahabu inatangulia kwa sababu ukisugua baada ya kupaka rangi, jiwe litaburuza nyekundu na bluu juu ya kila kitu.

Kwa fimbo za machaushi usitumie fedha halisi. Kwenye picha nyingi za kale maji na silaha zilizopakwa fedha zimegeuka nyeusi. Tumia kijivu chepesi na mstari mweupe pembeni.

## Hatua ya 6: Rangi bapa

Koroga gwashi mpaka iwe na uzito wa mtindi mwepesi. Ikiwa nyepesi itaacha mawimbi. Ikiwa nzito itapasuka ikikauka.

Anza na ardhi. Ipake rangi ya pembe iliyochanganywa na tone la zambarau. Usiiache nyeupe, kwa kuwa vilemba vyeupe na majoho meupe ya Waziri Mkuu na Sheikhulislamu vinahitaji kitu cha kusimamia. Kisha majengo, kisha farasi, kisha ngozi za watu, kisha mavazi, nyeupe mwisho kabisa.

Panga nyekundu kwa akili. Nyekundu iliyoiva mpe Sultani, kisha irudie mara tatu au nne tu, mahali padogo, ili jicho litembee kutoka kwake na kurudi kwake. Kila joho liwe rangi moja bapa bila kivuli.

Sala ya Idi ni asubuhi, jua likiwa chini, na hapo mtu hushawishika kuchora vivuli virefu ardhini. Usichore. Kivuli kimoja tu kinavunja mtindo wote.

## Hatua ya 7: Mistari

Burashi namba 000, wino mzito kiasi, pumzi imetulia. Zungushia kila rangi kwa rangi hiyohiyo iliyokoleza: joho jekundu kwa nyekundu ya damu, la kijani kwa kijani cheusi. Wino mweusi uwe wa kwato, nyusi, ndevu, pinde na ukingo wa kilemba cha Sultani. Mweusi ukizagaa kila mahali, picha inakuwa ya kitabu cha watoto cha kupaka rangi.

Kwa vitambaa vyeupe tumia kijivu chenye bluu kidogo, na ufuate jinsi kilemba kilivyofungwa: mikunjo inazunguka, haishuki.

Mikono ya majoho ya sherehe ni mirefu na inaning'inia. Mstari mmoja mrefu usiokatika unatosha. Ukikatika njiani, ufute wote kwa pamba na uanze tena, kiraka huonekana.

Umefanikiwa kama: ukiiweka picha mbali ya hatua tatu, kila mtu anajitenga na jirani yake.

## Hatua ya 8: Nyuso

Sasa unaweza. Rangi ya ngozi ilishapakwa bapa. Unaongeza nyusi, macho, pua kwa mstari mmoja, mdomo mdogo. Vichwa vigeuzwe robo tatu. Midomo imefungwa, watu hawa hawacheki wala hawapigi soga.

Watu wa Istanbul walitoka kila pembe ya dola, basi ngozi zisiwe za chupa moja. Kwa Beşir Ağa changanya kahawia na nyekundu kidogo, usitumie nyeusi tupu, la sivyo mistari ya uso haitaonekana.

Ahmed III alizaliwa 1673. Ni mtu wa makamo mwenye ndevu kamili. Usimfanye mkali wala usimtie fahari. Katika misafara hii palikuwa na waliomwitia Sultani maneno mashuhuri: asijivune, kwani Mwenyezi Mungu ni mkubwa kuliko yeye. Mchore kama mtu aliyeyasikia maneno hayo muda mfupi uliopita.

## Hatua ya 9: Fremu na mahali pa kuiweka

Zungushia picha mstari mnene wa dhahabu, na pande zake mbili mistari miembamba ya wino mweusi. Acha unyoya wa Msolaki mmoja au ncha ya mnara ivuke fremu kidogo. Levni na wenzake walipenda hivyo, na picha inapata pumzi.

Picha za namna hii ziliwekwa ndani ya vitabu vya kasri, hazikutundikwa misikitini. Nawe usiitundike kwenye chumba cha kusalia wala upande wa kibla. Iweke nyuma ya kioo chenye nafasi, kioo kisiguse rangi, mbali na jua na mbali na ukuta wa jikoni. Mwambao wenye joto la bahari, weka kipande cha ubao mwembamba nyuma yake na uifungue kila baada ya masika kuangalia kama ukungu umeanza kwenye tabaka la yai.